Mizani Yangu Ilikuwa Inapunja

Nilikuwa natafuta fuwele inayopinda nuru kwa nguvu huku ikibaki angavu, ya kufaa lenzi nyembamba. Nafundisha fizikia Mtwara. Tanuri la kuoteshea fuwele hatuna, nina kompyuta mpakato yenye RAM ya GB 8. Nikaanzia kwenye hazina ya Materials Project, iliyoanzishwa Marekani mwaka 2011, inayotoa bure matokeo ya hesabu za kampaundi nyingi mno.

Hapo kazi ni kuchekecha. Nilitoa zenye risasi na arseniki, zisizo imara, na zenye atomi nyingi. Likabaki pengo la nishati, yaani nishati ndogo kabisa ambayo elektroni za fuwele huhitaji ili ziweze kunyonya nuru. Fotoni (chembe ya nuru) ya zambarau hubeba nishati ya kama elektronivolti 3.1, na fuwele yenye pengo dogo zaidi huinyonya. Nikaweka mpaka wa chini kwenye 3, nikamtumia orodha mwanafunzi wangu wa zamani aliyeko chuo Dar es Salaam.

Akajibu: "Shikamoo mwalimu. Mbona titaniamu dioksaidi haimo?"

Nilishtuka. Ile ya aina ya rutailo, inayozifanya rangi za ukuta kuwa nyeupe pe, ina n (kipimo cha jinsi inavyopinda nuru) ya kuanzia 2.6, almasi yenyewe ni 2.4. Pengo lake halisi ni 3.0, lakini hazina iliandika chini ya 2! Hesabu hizi zimesimama juu ya nadharia ya elektroni ya Walter Kohn, aliyepata Nobeli ya kemia mwaka 1998, ila njia ya haraka ya kuitumia nadharia hiyo, ndiyo inayotumika kwa wingi, hupunguza pengo. Mkulima wa korosho angesema mizani inapunja. Na imepunja pabaya, kwa sababu kwa kawaida pengo likikua n hushuka, kwa hiyo fuwele bora zimejibana palepale mpakani.

Nikashusha mpaka hadi 1.7. Kisha nikapiga hesabu kama hizo mwenyewe, kwa programu ya Quantum ESPRESSO, kwenye magnesiamu oksaidi, ambayo vipimo vyake vinajulikana: n ikatoka 1.77 badala ya 1.74, vizuri tu, lakini pengo likatoka 4.5 badala ya 7.8. Umeme ulikatika mara mbili usiku. Siku hizi nahifadhi kila hatua.

Zimebaki oksaidi 11. Mapengo yake kijana anayapiga upya kwa njia nzito zaidi, kwenye kompyuta za chuoni. Na kila orodha mpya ikitoka, kabla ya lolote, tunaangalia kama rutailo imo.