Ua wa Mbono Kaburi

Tangu Jumapili neno la mama mkwe linanirudia, hata ninaposahihisha madaftari. Nilikuwa nimewapeleka watoto wetu na wa jirani kwenye ua wa mbono kaburi, nikawapasulia tunda na kuwaeleza kwamba utamu wa zile mbegu nyeusi, unaokaribia wa karanga, ndio hatari yenyewe, kwa kuwa mtoto hutafuna kadhaa kabla tumbo halijaanza kumsokota na matapishi kufuata. Mama alikuwa barazani akichambua mchunga.

“Mwanangu, sumu unawaonyesha ya nini?”

“Ili wasiile, Mama.”

“Walikuwa hawaijui. Sasa wanaijua.”

Nilinyamaza kwa heshima, lakini jibu nimekuwa nikilitunga upya kila usiku: wangekosaje kuijua, ilhali utomvu wake ndio wanaopulizia mapovu jioni? Shuleni tunapanga kuwapeleka kwenye bustani ya mimea ya Amani, iliyoanzishwa na Wajerumani mwaka 1902, nami naunga mkono, ila mmea utakaomdhuru mtoto wa Muheza uko uani kwao. Mitihani imekwisha, shemeji ameoa, wageni wameondoka, na mimi bado nabishana kimoyomoyo na mtu anayenipikia uji.

Jana nilimkuta amempakata mtoto wetu mdogo, ungo wa mchicha mbele yao. “Lipi humu si letu?” alimwuliza. Mtoto alipekua, akatoa jani pana lenye kingo za meno, akalinusa na kukunja uso. Lilikuwa la mnanaha, mmea wa sumu ambao hujiotea katikati ya mboga na ukiwa mchanga humpita hata mpishi mzoefu. Kisha bibi akaingia kwenye mnavu, kwamba majani yake hupikwa lakini vitunda vibichi vya kijani haviguswi, na kwamba ndege kula tunda si ushahidi kuwa binadamu naye analiweza. Mwisho akamwapisha asitie kitu cha porini kinywani kabla mtu mzima hajakiona. Mimi hakunitazama hata mara moja, nami nilifurahi mno, nikajitia kutafuta ufunguo.

Sasa kinachonikosesha usingizi ni dawa zake za presha, kwani vidonge vilivyobaki havifiki mwisho wa wiki, na duka la hapa linasema mzigo haujafika.