Jinsi ninavyosimamia mipira ya kurusha

Nilipoanza kuchezesha mechi za soka za vijana nilidhani kelele nyingi zingetokana na penalti na kuotea, kumbe kilichonisumbua zaidi ni mipira ya kurusha, kwa kuwa hutokea mara nyingi na kila aliyesimama pembeni mwa uwanja huamini anaijua sheria yake.

Sheria yenyewe, ya 15, ni fupi. Mrushaji asimame akiutazama uwanja, sehemu ya kila mguu iwe juu ya mstari wa pembeni au chini nje ya mstari huo, na aurushe mpira kwa mikono yote miwili, kutoka nyuma ya kichwa na kuupitisha juu yake, mahali pale ulipotokea. Ugumu ni kwamba mambo hayo hutimia au kuvunjika kwa mara moja, na jicho haliwezi kuwa miguuni na mikononi kwa wakati mmoja. Kwa hiyo kabla ya mechi hukubaliana na wasaidizi wangu: upande wao, wao hutazama miguu, kwa kuwa wako usawa wa mstari, nami hutazama mikono pamoja na wachezaji wanaosukumana mahali mpira utakapoangukia. Upande ambao hauna msaidizi wa karibu, husogea hadi nikakiona vizuri kiatu cha mguu wa nyuma. Mguu huo ndio unaowaponza wengi. Beki anayetaka kurusha mbali hupinda mgongo, hujivuta mbele na kuuburuta mguu wa nyuma. Ikiwa ncha ya kiatu ingali inagusa nyasi mpira unapoachia vidole, hana kosa hata kama kisigino kimeinuka, lakini mguu ukiwa hewani, mpira unarushwa na wapinzani.

Mzunguko wa mpira siushughulikii. Watazamaji wakiuona unazunguka hewani hupaza sauti kwamba ametumia mkono mmoja, ilhali sheria haisemi lolote kuhusu mzunguko.

Kuiba hatua ndiko kunakohitaji wepesi. Mchezaji huokota mpira, hutembea nao huku akitafuta wa kumpa, na akifika kurusha amekwisha kupata eneo ambalo hakulipigania. Nikisubiri arushe ndipo niadhibu, nitakuwa napuliza filimbi mchezo mzima, na filimbi ya kila mara huishia kutosikika. Mpira ukitoka tu, huonyesha mahali kwa mkono na kutamka, "Hapa, namba 3," kabla hajauinua. Wengi hurudi bila ubishi. Anayeshika mpira kama anayetaka kurusha, kisha akauacha ghafla kwa mwenzake ili dakika zipite, mimi humpa kadi ya njano kwa kuchelewesha mchezo.

Mpinzani naye ana wajibu wake: kukaa angalau mita 2 kutoka mahali pa kurushia. Katika mechi moja winga alirukaruka mbele ya beki hodari wa kurusha mbali. Nikamwambia, "Mita 2, kijana," akarudi, kisha mpira ulipoachia mikono ya beki akachupa tena mbele huku akipunga mikono usoni pake. Hapo nilisimamisha mchezo, nikamwonyesha kadi ya njano na kuwapa wenzake wa beki mpira wa adhabu usio wa moja kwa moja, yaani ule ambao haufungi goli mpaka uguswe na mchezaji mwingine, kwa sababu mpira ulikuwa umekwisha kurushwa. Kocha wake alitaka mpira urushwe upya, nami nikamweleza kwa ufupi na kuendelea.

Kurudia kuna mahali pake, na hapo ndipo hata wachezaji wazoefu huchanganya. Mpira ukigusa chini kabla ya kuingia uwanjani, timu ileile inarusha tena palepale. Ukirushwa kinyume cha utaratibu, ndipo haki inahamia kwa wapinzani. Mrushaji akiucheza tena kabla haujaguswa na mtu mwingine, adhabu ni mpira usio wa moja kwa moja.

Suala la goli hujitokeza kwa nadra, ila nililikuta. Beki alimrushia kipa wake kwa nguvu, kipa akaukosa kabisa bila kuugusa, mpira ukaingia wavuni. Washambuliaji walikuwa wamekwisha kukumbatiana. Goli halifungwi moja kwa moja kwa mpira wa kurusha. Ungeingia katika goli la wapinzani ningewapa goli kiki, na kwa kuwa uliingia katika goli lake mwenyewe, nilielekeza mkono kwenye kibendera cha kona.