Nilivyopiga picha pampasi mpaka nikaelewa choo cha mwanangu

Mtoto wangu wa kwanza, siku mbili za mwanzo choo kilikuwa cheusi kinanata kama lami, hicho wodini walishaniambia nisihangaike nacho. Siku ya nne kikawa kijanikijani, ya tano njano kama bizari na vichembe kama mbegu, nikajiona nimeshafuzu umama. Wiki ya tano sasa ndo kimbembe: kijani kama mlenda, povu juu, na mtoto anajinyonganyonga kwa gesi.

Mama mkwe akachungulia mara moja tu. "Mwanangu, huo mchango, halafu acha huo mchicha unaokula." Dawa yake ya mizizi niliikwepa kwa adabu, nikasema kliniki wanamruhusu maziwa yangu tu mpaka miezi 6. Ila mchicha nikaacha. Wiki nzima ugali dagaa, ugali dagaa, jirani akipika kisamvu nafunga dirisha. Kijani palepale.

Nikaanza kupiga picha. Za usiku chini ya taa yetu ya chumbani zilikuwa zinatisha balaa, pampasi ileile nikiipeleka mlangoni kwenye mwanga wa jua naona rangi nyingine kabisa, kwa hiyo msihukumu choo kwa taa jamani. Kila picha naandika saa, kanyonya titi lipi, dakika ngapi. Siku moja nimtumie mume wangu, kumbe nimebonyeza grupu la kikoba, mweka hazina akauliza hiyo mboga gani.

Nikapanda boda, buku mbili hivi, kwa nesi wa kliniki. Akampima uzito, akauliza kama anakojoa vizuri, picha zangu nzuri zote hata hakuzijali, akasoma yale maandishi. "Mama, dakika 5 kushoto, dakika 5 kulia, mbona humwachi amalize?" Jamani! Kuna shosti aliniambia nihamishe kila baada ya dakika tano eti titi moja lisizidi lingine. Kumbe mtoto alikuwa anashiba yale maziwa mepesi ya mwanzo, yenye mafuta ya mwishoni hayafikii.

Nesi akasema kijani kwa mtoto mchangamfu anayeongezeka uzito hakimnyimi yeye usingizi. Anachoogopa ni choo chenye damu, au cheusi kikirudi baada ya zile siku za mwanzo, na zaidi cheupe kama chaki, hasa mkojo ukiwa umekolea na macho yana unjano. Hicho ni hospitali siku hiyohiyo, maana mrija wa nyongo unaweza kuwa umeziba, na upasuaji wake unatakiwa uwahi, ikiwezekana kabla hajafikisha miezi 2. Hakuna mtu mtaani kwetu aliyewahi kunitajia cheupe, wote kijani kijani.

Nikamwacha amalize titi moja mpaka aachie mwenyewe. Siku ya tatu bizari ikarudi, nikapika mchicha wa nazi sufuria zima. Mama mkwe mpaka leo anawaambia watu ni wale dagaa.