Mtihani wa Pweza

Umeme ukikatika bwenini, mimi ndiye niliyeitwa kusimulia. Shule yetu ilikuwa Mtwara mjini, nami nilikuwa kidato cha tatu. Usiku ule wenzangu walikuwa wamekwisha kuchoka na majini ya kwetu Mikindani, wakataka kitu kipya. Nikawapeleka sayari nyingine.

Huko, nikawaambia, watu wa Dunia wamehamia, wameweka koloni na wanachimba madini chini ya bahari. Yupo binti wa miaka 15, Semeni, baba yake fundi wa mitambo ya kampuni. Siku moja maji yamekupwa, anakuta mwambani kiumbe asiyejulikana. Ana mioyo mitatu. Damu yake ni ya buluu. Anageuka rangi apendavyo. Ana mikono minane, na kila mkono unajiamulia mambo yake.

"Pweza huyo!" mtu akapaza sauti kutoka kitanda cha juu. Bweni zima likaangua kicheko.

Alikuwa pweza kweli, sikuona haja ya kuhangaika kubuni. Mama alikuwa akienda mwambani kila bamvua, maji yanapokupwa sana, na chuma chake cha kutobolea pweza, na mwalimu wa baiolojia alikwisha kutueleza: mioyo miwili inasukuma damu kwenye matamvua, wa tatu unailisha sehemu nyingine ya mwili, damu ni ya buluu kwa sababu ya shaba, seli nyingi za fahamu zimo mikononi kuliko kichwani. Nilichomwongezea ni umri. Pweza wetu anaishi mwaka mmoja au miwili hivi. Jike hulinda mayai bila kula, yakianguliwa naye anakufa, wala hapati wasaa wa kumfundisha mwanawe lolote. Mpaka leo najiuliza angefika wapi angepewa miaka 60 na wajukuu.

Basi, sheria ya koloni ilisema penye viumbe wenye akili hapachimbwi. Semeni akamficha mmoja kwenye tangi la maji ya chumvi nyuma ya nyumba, akaenda kutoa taarifa. Meneja akaja na masanduku, kufuli na picha: kiumbe afanye mtihani, akifaulu mgodi usimame.

Hapo ndipo hadithi ilipotoka mikononi mwangu.

"Na mama yako anayewatoboa kwa chuma?" akauliza msichana wa Kilwa. Nikajibu kwamba wa sayari ile hawaliki, wana uchungu. Jibu la kukwepa, na wote walijua, maana wali wa nazi kwa pweza tulikuwa tukiuota hata darasani.

Mwenzetu wa Nachingwea hakucheka. Kwao wazee walikuwa wakisimulia karanga: mwaka 1947 Waingereza walianzisha mpango wao mkubwa wa kulima karanga, matrekta yakang'oa msitu, ikajengwa reli ya kuja bandarini Mtwara, na kufika 1951 mpango ukavunjwa. Akaniuliza taratibu, "Anayesahihisha huo mtihani ni nani?"

"Meneja."

"Huyohuyo anayetaka mgodi?"

"Huyohuyo."

"Basi wameshafeli tangu jana."

Mimi nilikuwa nimeandaa hotuba ya Semeni mbele ya mahakama, ndefu, yenye machozi. Wakaikataa. Semeni afungue tangi, wakasema, na kiumbe naye amtungie meneja mtihani. Ikawa hivyo. Kiumbe akapita rangi saba mgongoni, akanyamaza, akangoja jibu. Meneja akatoa macho. Akapewa swali la pili, la tatu. Tukashangilia mpaka vitanda vikalia, na mlango ukafunguliwa: matroni, na tochi.

Kimya.

"Nimesimama hapa nje kitambo," akasema. "Huyo meneja amepata ngapi?"

"Sifuri, matroni. Shikamoo."

"Marahaba. Kesho baada ya chai mnafyeka nyasi nyuma ya jiko, bweni zima. Na huyo Semeni wenu naye aje na fyekeo."