Dola 10 za Kukutana na Puma

Nililipa dola 10 za kuegesha gari la dada yangu, na kwa fedha hizo sikupewa hata maji ya kunywa, nilipewa onyo. Liliandikwa kwenye ubao mwanzoni mwa njia ya kupandia kilele cha Stonewall, katika hifadhi ya Cuyamaca, mashariki ya San Diego: ukikutana na simba wa milimani, yaani puma, usikimbie wala usiiname, mkazie macho, inua mikono uonekane mkubwa, mbebe mtoto, na akikurukia pambana naye.

Dada, aliyezoea California, aliupita ubao ule kama tangazo la sabuni. Alinieleza kwamba mwaka 1994 mwanamke aliyekuwa akitembea peke yake aliuawa na mnyama huyo katika hifadhi hiyohiyo, lakini baada ya mtu mwingine kuuawa mwaka 2004, jimbo zima halikupata kifo kingine cha namna hiyo hadi Machi 2024.

Tulipokuwa tukishuka, jua likielekea kuzama, mpwa wangu wa miaka sita akatutangulia hatua kama kumi. Mbele yake vichaka vikatikisika, akatoka mnyama wa rangi ya mchanga, akasimama njiani. Hakuwa na manyoya ya shingoni. Alikuwa mwembamba, mkia wake mrefu umekolea weusi nchani, na kwa ukimya ule ningemwita chui asiye na madoa kabla ya kumwita simba. Mtoto akageuka ili akimbie. Nilimfikia, nikamshika ukosi wa koti na kumvuta juu hadi kifuani, kwa maana walioandika ubao hawakueleza mtu mwenye kiuno kibovu atamwinuaje mtoto bila kuinama. Kisha nikapiga ukelele ambao sikuwa nimeupiga tangu utotoni, ule wa kufukuzia nguruwe shambani. Puma alinitazama kwa muda ambao siwezi kuupima, akapinda mgongo, akaingia vichakani bila kuvunja hata kijiti.

Ukelele ule nilifundishwa na babu yangu huko Rufiji, ambako wakulima hulala kwenye dungu kulinda mazao. Nguruwe hufuata mazao, simba humfuata nguruwe, na anayemkuta kwanza mara nyingi ni mtu. Kati ya mwaka 1990 na 2004 simba waliua zaidi ya Watanzania 560. Puma naye hufuata kulungu, na njia za kulungu ndizo wanazotembelea watalii, ila jioni watalii hurudi mjini, wakati babu alikuwa hana pengine pa kwenda.

Nilimsimulia mpwa wangu hayo katika mji wa Julian, tukila pai ya tofaa ambayo kwa bei yake ningenunua debe la mahindi. Alisikiliza hadi mwisho, akafuta mdomo.

“Mjomba, na babu alilipa dola ngapi kulala huko?”