Kiti cha Julian Bond

Siku hizi usiku nasoma habari za Julian Bond, mwanaharakati Mweusi na mwanasiasa wa Marekani, na siachi kuirudia tarehe 10 Januari 1966. Wajumbe wapya wa Baraza la Wawakilishi la jimbo la Georgia wamekusanyika Atlanta kuapishwa. Bond ana miaka 25. Karani anakataa kumwapisha: wajumbe 75 wameweka pingamizi, asubiri kwanza. Siku hiyohiyo kamati ikamhoji, kisha Baraza likapiga kura. Waliomkataa 184, waliomtaka 12.

Kosa lake lilikuwa nini? Siku chache nyuma SNCC, chama cha vijana wa harakati za haki ambacho yeye alikuwa msemaji wake, kilitoa tamko la kupinga vita vya Vietnam. Mwenzao Sammy Younge alikuwa ametoka kuuawa kwa risasi huko Tuskegee, Alabama, kwa ugomvi wa choo cha Wazungu kwenye kituo cha mafuta. Tamko hakuliandika Bond. Mwandishi wa habari alimpigia simu kumuuliza kama analiunga mkono, naye akasema ndiyo. Angeweza kukwepa, na hakukwepa.

Lakini wanaonigusa zaidi ni wapiga kura wake. Walikuwa wamemchagua kwa kura 2,320 dhidi ya 487. Kiti kilipotangazwa kuwa wazi, uchaguzi mdogo ukaitishwa, wakamrudisha yeye yule. Novemba wakamrudisha tena. Martin Luther King, mkazi wa eneo hilohilo, aliandamana kwa ajili yake na akaingia naye kwenye kesi ya kudai kiti hicho. Tarehe 5 Desemba majaji wote tisa wa Mahakama ya Juu ya Marekani waliamua kwamba Georgia haikuwa na haki ya kumfungia mlango kwa sababu ya maneno yake. Januari 1967 akala kiapo.

Wengi humsimulia mpaka hapo. Mimi navutwa na miaka 20 iliyofuata: Baraza la Wawakilishi hadi 1975, kisha Seneti ya jimbo hadi 1987. Akiwa seneta alipigania mipaka ya eneo la tano la Georgia la uchaguzi wa Congress, yaani Bunge la Marekani, ichorwe upya, ili kura za Weusi wa Atlanta zisitawanywe. Mvutano ule ulifika mahakamani, na mipaka ikabadilishwa. Mwaka 1986 akagombea kiti cha eneo hilohilo katika Congress. Katika mchujo wa chama akashindwa na John Lewis, rafiki yake wa tangu SNCC, baada ya kampeni iliyowaumiza wote wawili.

Hilo linaniuma kuliko ile kura ya 184. Hata hivyo, siwezi kusema jasho lake lilipotea: watu aliowapigania walipata mwakilishi, na Lewis alikikalia kiti kile hadi alipofariki mwaka 2020. Bond akageukia ualimu wa chuo kikuu, na tangu 1998 hadi 2010 akawa mwenyekiti wa bodi ya NAACP, chama kikongwe cha kutetea haki za Weusi wa Marekani.

Sasa natafuta hotuba zake za ndani ya Seneti ya Georgia, za miaka ile ambayo kamera zilikuwa zimeshaondoka.