Tulivyomaliza ugomvi wa maji ya ndiva huku Same

Mi nilikua katibu wa kikundi cha maji huku milimani Upareni, wilaya ya Same, Tanzania. Kwa wasiojua, ndiva ni bwawa la kuchimba, maji ya mfereji yanajaa usiku, asubuhi linafunguliwa watu wanamwagilia kwa zamu. Sa kiangazi kikikaza, wa juu wenye nyanya walikua wanachepusha maji usiku kabla hayajafika kwenye ndiva, wa chini wakiamka wanakuta tope, mahindi yamejikunja majani, basi wanapandisha na mapanga kutafuta mwizi. Serikali ya kijiji ilikua inapiga faini tu, mtu analipa afu wiki ijayo yaleyale, yaani ni kama ananunua zamu.

Mkutano wa hadhara sikuitisha, huko wanaongea wenye sauti kubwa. Nilimfata mzee mmoja wa juu anaeheshimika pande zote, nikamwomba mzee wangu tembeeni na wenzenu wa chini kuanzia banio, yaani pale mfereji unapochukulia maji mtoni, hadi shamba la mwisho. Akakubali ila akasema wamama nao waende maana ndo wanaokesha na maji, na kweli, mama mmoja wa chini akatuonesha mfereji ulipotoboka kwa chini, maji yanapotelea kwenye migomba na mwenye migomba mwenyewe hana habari. Si kwamba wizi haukuwepo, ila sio yote yaliibwa!

Tukapiga msaragambo, yaani kazi ya pamoja ya kijiji, tuzibe mfereji, wa juu wakaleta mawe, wa chini simenti, zamu zikajadiliwa hukohuko watu wana udongo mikononi. Walichoamua wenyewe ni kwamba ndiva inafunguliwa na watu wawili, mmoja wa juu mmoja wa chini, na kabla ya kufungua wanachovya kijiti chenye alama kila mtu aone maji yamefika wapi. Palipokua pagumu ni nyanya, maana wa chini walitaka wa juu wapunguze eneo la nyanya kiangazi na kuna kijana alishakopa mbegu na dawa, wakamwacha avune kwanza msimu ule. Nadhani hilo ndo lilituliza watu kuliko kanuni zote.

Makaratasi yakafata baadae. Sheria ya rasilimali za maji ya 2009 inaruhusu watumia maji kuunda jumuiya, na kibali cha kutumia maji unaomba bodi ya maji ya bonde lenu, kwetu ni Pangani. Ombeni, ila elewaneni kwanza, kibali hakitawaambia usiku wa leo ni zamu ya nani. Kelele za kiangazi bado zipo kidogo, ila daftari la zamu analo yule mama alieonesha tundu, na ukichelewa anakuruka anampa anaefata, hata mi alishaniruka.